Meli Iliyofungiwa kwa Mama Mkwe

Kama sasa hivi umekaa kwenye benchi la wagonjwa wa kifua kikuu, na kikopo chako cha makohozi umekificha chini ya shuka ili jirani asikione, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si daktari. Mimi ni seremala mwenye kichwa kigumu, na nilikaribia kujiua kwa ujinga ambao nitausimulia bila kujipamba. Ukitaka kucheka, cheka. Ila dawa umeze.

Naitwa Mwita, mtu wa Nyamwaga. Useremala nilijifunza Tarime mjini kwa Fundi Salehe, mzee wa Tanga aliyekuwa na karakana karibu na soko. Baba yake alikuwa akijenga vyombo vya baharini, na kila tukipiga randa alinisimulia jinsi chombo kinavyoanzia kwenye mkuku, ule mti mrefu wa chini, kisha yanakuja mataruma ambayo ndiyo mbavu, ndipo mbao zifuate. Nilimsikiliza kwa adabu tu. Kazi yangu ilikuwa vitanda na madawati, bahari yenyewe nimeisikia redioni.

Kikohozi kilinianza wakati wa vuli. Nilidhani ni vumbi la mbao. Mke wangu Ghati akanichemshia majani, nikanywa, nikaendelea na kazi. Mkanda wa suruali nikautoboa tundu jipya, halafu jingine, halafu nikaanza kufunga kamba. Asubuhi moja nikakohoa juu ya ubao mweupe niliokuwa nimeulainisha vizuri, nikaona damu. Nililipiga randa lile doa mpaka likaisha, kama vile mtu akifuta ubao amefuta na ugonjwa.

Hospitalini Tarime wakaniandikia kwenda Mwanza kupigwa picha ya kifua. Nilipanda meli Musoma, mara yangu ya kwanza. Wenzangu walikaa wamejikunyata juu ya mizigo yao, mimi nikashindwa kutulia. Jamani, nilikuwa sijawahi kuona kazi ya fundi kubwa namna ile. Nikaanza kuipima kwa hatua kutoka mbele hadi nyuma, kila baada ya hatua kumi nasimama kukohoa. Baharia mmoja akaniuliza, "Wewe mgonjwa, unatafuta nini?"

"Napima."

"Unataka kuinunua?"

"Nataka kuijenga."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Lakini hesabu niliipata: hatua themanini na moja. Nikahesabu na madirisha, na mashua za kuokolea watu, na ngazi. Nilirudi na picha ya mapafu yangu ndani ya bahasha kubwa, na meli nzima kichwani.

Sitakueleza mambo ya vijidudu. Nitakueleza benchi. Benchi la hospitali lilikuwa la mbao mbichi, limepinda katikati, sote tunatelezea kati na kugusana mabega, na kila mmoja anamwogopa mwenzake. Miezi miwili nililazwa, kila siku sindano kwenye makalio mpaka nikawa nalala kifudifudi. Nesi wetu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kamanda. Siku ya kuniruhusu akanipa vidonge vya kumeza nyumbani, akaniambia nivimeze kila siku kwa mwaka mzima.

"Utajisikia mzima, ndipo utakapotaka kuacha," akasema. "Ukiacha katikati ugonjwa unarudi. Na ukirudi, dawa hizi zinaweza kugoma kabisa. Hapo sina kingine cha kukupa. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Rudia nilichosema."

Nikarudia. Kwa hiyo usidhani nilikosa kwa kutojua.

Nilitoka hospitali nikakuta kwangu si kwangu tena. Ilikuwa wakati wa Operesheni Vijiji, watu wamehamishwa na kupangwa kwenye vijiji vya ujamaa, nyumba mstari mmoja kama madawati ya shule. Ghati alikuwa amepewa kiwanja na amejenga na wenzake, watoto wetu, Wankuru na mdogo wake, wakisomba nyasi. Tena hakuwa peke yake. Mama yake mzazi, mjane wa kule Machochwe, naye alikuwa amehamishwa, na mwanawe wa kiume pekee alikuwa mbali kwenye mashamba ya mkonge. Ghati akamleta. Nyumba yake ndogo ikajengwa kwenye kiwanja chetu, hatua kumi na mbili kutoka mlango wangu.

Lazima nikueleze uzito wa jambo hili kama wewe si Mkurya. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, wala hawaingii nyumba moja. Ukimwona njiani unaingia kwenye majani mpaka apite. Jina lake sitalitaja hata hapa. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo ikivunjwa ukoo mzima unatikisika. Sasa sisi wawili tuliwekwa kwenye uwanja mmoja.

Tulijitahidi. Desturi ni kwamba mkwe akitaka kupita anakohoa kidogo, ili mwenzake ajifiche. Akikohoa yeye, mimi nageukia ukutani. Lakini mimi nilikuwa nakohoa kutwa! Masikini mama wa watu alikaa ndani mpaka jua la saa sita, anadhani kila dakika nataka kupita. Ghati ndiye aliyenieleza, akicheka huku machozi yanamtoka. Tukakubaliana nipige ubao mara mbili badala ya kukohoa. Mama mkwe akiwa na neno kwangu alimwambia mbwa wetu. "Wewe mbwa, mwambie huyo mtu uji umepoa." Nami nilimjibu mbwa. Mbwa alikuwa na kazi nyingi mwaka ule.

Karakana ya kijiji hawakutaka nisogee. Mwenyekiti alisema ni kwa ajili ya afya yangu, lakini nilimwona anavyoshika pua. Kikombe changu Ghati alikitia alama ya rangi nyekundu. Jirani wakapungua. Mchana kutwa niko kitandani, mikono imelala juu ya shuka kama si yangu, vidole vimekuwa virefu, pete ya ndoa nimeivua isianguke. Hapo ndipo nilipoianza meli. Nilisema kama nitakufa, nife fundi.

Kila hatua niliyopima kule ziwani nikaifanya upana wa ukucha wa kidole changu cha mwisho. Mkuku niliuchonga kwa kipande cha mvule. Mataruma niliyapata kwenye matawi ya mpera, maana yamejipinda yenyewe. Mbao za ubavuni nilizichonga nyembamba kwa kisu, si kwa msumeno, na kitambaa mdomoni, kwa sababu ya vumbi. Nilizilaza kwenye sufuria ya maji ya moto, nikazipinda taratibu kwenye mbavu, nikazifunga kwa gundi ya ngozi na misumari ya viatu. Tatu zikipinda vizuri, ya nne inapasuka, naanza tena. Madirisha nilikosa kioo. Nikachukua picha ya kifua changu, nikaikata pembeni, kisha katikati, mpaka meli ikapata madirisha ya rangi ya bluu na picha ikaisha. Wakati ule niliona nimefanya jambo la akili sana.

Katibu wa kata alikuja kututembelea, akaiona. Akashika kichwa. "Ndugu Mwita! Hii itakwenda Musoma kwenye maonyesho ya Sabasaba. Kijiji chetu kitajulikana!" Mwenyekiti, yule wa kushika pua, akanipa mkono siku hiyo. Nilijisikia mtu tena, sikatai.

Tatizo lilikuwa vidonge. Nikimeza asubuhi, natapika, kisha mikono inatetemeka mpaka saa nane. Na asubuhi ndiyo yenye mwanga mzuri mlangoni. Kazi iliyobaki ilikuwa ya vitu vidogo: vizuizi vya ngazi, kamba, mashua za urefu wa jino la kitana. Nikajiambia, acha leo tu. Mikono ikatulia! Siku hiyo nilifanya kazi ya siku nne. Nikajiambia, acha mpaka Sabasaba, halafu nitavimeza vyote. Kikohozi kilikuwa kimepungua, nimeanza kunenepa mashavu. Nani mgonjwa hapa?

Ghati alinisimamia kila asubuhi, lakini nilivibana chini ya ulimi. Akitoka kwenda shamba la kijiji, navitema. Nje sikuweza kuvitupa, kuku wangevila na macho ya majirani yako kila mahali. Meli ilikuwa mapajani mwangu, na kwenye sitaha nilikuwa nimetengeneza mlango mdogo wa kuingizia mizigo. Nikavitia humo. Kila siku naufungua mlango, naweka mzigo, naufunga.

Masika ikaja na mvua ya hasira. Siku moja nimejikongoja hadi chooni, mvua ikashuka ghafla, nikabanwa huko. Paa letu la nyasi changa likaanza kuvuja juu ya kitanda, juu ya meli. Ghati hakuwepo. Mama yake aliona maji kupitia mlangoni, na alijua jinsi ninavyoipenda ile kazi. Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: aliingia nyumbani kwangu, akaikumbatia meli, akakimbia nayo kwake ili isiharibike.

Ikamlilia mikononi kama kayamba.

Niliporudi nikasikia sauti ya Ghati, aliyekuwa amerejea, ikitoka kule kwa mama yake. Halikuwa neno, ilikuwa sauti tu. Kisha akaja na ungo, amelowa, akauweka mbele yangu. Vidonge vilikuwa vimetapakaa, vingine vimegeuka njano.

"Hivi ni nini, baba Wankuru?"

Niligeukia ukutani.

"Nakuuliza! Mimi nabeba mawe ya watu, nalima shamba la kijiji na zamu yako pia, nakufichia unga wa wimbi ule peke yako, wewe unalisha mti?"

"Ni mpaka Sabasaba tu."

"Sabasaba!" Akapiga magoti, akaanza kuviokota kimoja kimoja, analia na kunitukana kwa Kikurya, matusi ambayo sikujua kwamba mke wangu anayajua.

Kutoka ng'ambo ya uwanja nikasikia, "Wewe mbwa! Mwambie huyo mtu meli yake iko ndani kwangu. Siku atakayomaliza dawa zote, ataipata."

Umeelewa alichofanya? Hakuhitaji kufuli. Hakuna mahali duniani palipokuwa mbali na mimi kama nyumba ile. Ningeweza kwenda Mwanza, nisingeweza kwenda pale.

Nilimeza siku tano kwa hasira. Siku ya sita homa ikarudi, jasho, ubavu unachoma. Badala ya kuogopa ugonjwa nikaogopa Sabasaba. Bomba la moshi halijapakwa rangi! Mashua mbili hazijafungwa! Nilimwomba Ghati aitoe. "Kamwombe mwenyewe," akasema, akachukua jembe akaenda shambani.

Ilikuwa alasiri. Nikanyanyuka, nikashika ukuta, nikavuka uwanja. Mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa chini, amenipa mgongo, anachambua wimbi. Meli ilikuwa kitandani kwake, imefunikwa kanga. Nikashika fremu ya mlango.

"Nipe meli yangu," nikasema. Si kwa mbwa. Kwake.

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Hakugeuka.

"Nani anasema na mimi?"

"Mimi Mwita."

"Muongo. Mkwe wangu hawezi kusimama hapo. Hapo umesimama ugonjwa." Akausukuma ungo pembeni. "Haya, ugonjwa, ingia uchukue. Ukimaliza kuchukua meli, utamchukua na baba wa wajukuu wangu. Ingia, basi!"

Nikainua mguu. Naapa, niliuinua. Nikaona meli, nikaona mgongo wake unavyotetemeka, nikaelewa kwamba mama yule anaogopa, na anaogopa kwa ajili yangu. Mguu ukabaki hewani. Hapo kikohozi kikanishika, si kile cha kawaida. Kitu cha moto kikapanda, mdomo ukajaa, damu ikamwagika kwenye kizingiti, na mimi juu yake.

Mama mkwe wangu akageuka. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanilaza ubavu, akaniingiza kidole mdomoni kunizibua. "Tema, mura, kijana wangu. Tema yote. Usinifie hapa." Kwa mara ya kwanza niliuona uso wake. Ana kovu dogo karibu na jicho. Alinifuta kwa kanga yake mwenyewe, kisha akapiga ukelele kijiji kizima kikaja, kikatukuta hivyo.

Nilibebwa kwa trekta la kijiji. Wazee wa ukoo wakakaa, maana jambo limeharibika. Wengine walifoka. Mwisho wakataka mbuzi achinjwe, wakatoa uamuzi ambao nimeutunza moyoni: mgonjwa hana mkwe. Maadamu naumwa, mama huyu aniangalie kama mtoto aliyemzaa. Siku nitakayopona, heshima irudi mahali pake.

Kwa hiyo yeye ndiye aliyekaa nami hospitalini. Nesi aliponiona hakupiga kelele, na hilo liliniogopesha zaidi. "Tunaanza upya," akasema. "Sindano, vyote, mwaka mmoja na nusu. Kama dawa bado zitakukubali. Lete picha yako ya zamani tulinganishe."

Nikatazama sakafu. "Iko kwenye meli."

"Meli gani?"

Mama mkwe akamweleza. Nesi akakaa chini, akafunika macho. Sijui kama alilia au alicheka.

Miezi miwili tulingoja kujua kama dawa zinafanya kazi. Hakuna cha kufanya kwenye kungoja. Unasikiliza kifua chako, unajiuliza kikohozi hiki kimepungua au nimekizoea. Masikio yakaanza kunivuma kwa sababu ya sindano, nikawa natembea kama mlevi, na sikio la kushoto likazima moja kwa moja. Mtu wa kitanda cha tatu, aliyeacha dawa kama mimi, dawa zilimgomea. Asubuhi tulikuta godoro lake limeanikwa juani. Sikula siku hiyo.

Kila asubuhi mama aliketi mbele yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Meza."

"Nitatapika."

"Ukitapika, tutaomba vingine. Fungua mdomo. Inua ulimi."

Aliangalia chini ya ulimi wangu kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Nilimchukia, nisiseme uongo. Kuna siku nilimwambia arudi kwake Machochwe. Akajibu, "Machochwe kwangu kumeota majani. Inua ulimi."

Siku ya majibu nesi alikuja na karatasi, akaisoma kwanza peke yake. Nilitazama midomo yake. "Dawa zimekukubali," akasema. Mama akaniangalia, akasema, "Umesikia? Bado mwaka na ushee." Basi, hakuna zaidi.

Nyumbani aliendelea. Nikishameza na kuinua ulimi, Ghati anaitoa meli, naifanyia kazi mpaka mikono itetemeke, kisha inarudishwa kule ndani. Ilikamilika polepole. Sabasaba ya mwaka uliofuata ilikwenda Musoma bila mimi, ikasimama kati ya pamba na mihogo, ikarudi. Watu waliisifu sana, niliambiwa. Mimi siku hiyo nilikuwa nimeinua ulimi kama kawaida.

Kipimo cha mwisho kilikuwa Desemba. Nilikwenda Tarime peke yangu, nikangoja kwenye benchi lile lile mpaka mchana. Nesi alinipa karatasi na kunipa mkono. "Umepona, Mwita. Toka hapa, nisikuone tena." Nilirudi kwa gari mpaka njia panda, nikashuka, nikaanza kutembea. Mahindi ya vuli yalikuwa yamenizidi kimo pande zote mbili za njia.

Mbele yangu nikamwona mama, na debe la maji kichwani, anakuja. Mwaka mmoja na nusu tumekuwa tukitazamana kila siku iliyotoka kwa Mungu. Akasimama, ananisubiri, macho yake usoni pangu.

Nikashindwa kungoja nifike. "Nimepona!" nikapiga kelele. "Hamna kitu tena! Nimepona!"

Hakunikimbilia. Alitua debe pale pale katikati ya njia, maji yakamwagika, akavuta kanga juu ya uso, akatumbukia kwenye mahindi. Nikaona mabua yanatikisika, yakatulia. Nilisimama nikilia kama mtoto mdogo, kisha nami nikageuka, nikaingia kwenye mahindi ya upande wa pili, nikampa mgongo.

Ndipo akaanza kupiga vigelegele humo ndani. Niligeuza sikio langu la kulia ili nivisikie vyote.